Kichwa kikianza kuuma Horombo: maswali ya wanaopanda Kilimanjaro Disemba

Kila Disemba 9 ikikaribia, makundi ya maofisini na vyuoni hujiandaa kupanda Kilimanjaro, kukumbuka Mwenge uliopelekwa kileleni Uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Fulana huchapishwa mapema. Maswali ya afya huja mwishoni, pale geti la Marangu, mabegi yakiwa tayari kwenye mizani.

Huko juu oksijeni inaisha?

Haiishi. Kigamboni na kileleni, hewa ina oksijeni asilimia 21 ileile. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka siku kadhaa.

Mimi nakimbia kilomita 10 kila Jumamosi. Nitaumwa kweli?

Unaweza. Mazoezi yanasaidia magoti na misuli, lakini hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata anayepanda juu kabla mwili haujazoea. Tena mwenye pumzi ndiye wa kuchungwa, maana hutangulia mbele, na mwendo wa haraka ndio unaoleta balaa. Hata wapagazi, wale wanaoitwa wagumu, huumwa, hasa aliyekaa mjini muda mrefu bila kupanda.

Nitajuaje kama ni mwinuko au ni uchovu tu?

Kichwa huanza kuuma, kisha kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa kukatika na chakula kutopita. Ukiwa juu ya mita 2,500 na dalili hizo, hesabu kuwa ni mwinuko.

Tazama meza ya jioni pale Horombo, kambi ya pili ya kulala kwenye njia ya Marangu. Mtu anachokonoa wali kwa uma, anasema ameshiba, na tangu asubuhi kala ndizi moja. Kiongozi mzoefu husoma sahani hiyo kabla hajakuvisha kipimo cha oksijeni kidoleni.

Kuna hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni maji kwenye mapafu: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinatoa sauti ya mapovu. Kwa ngozi zetu nyeusi, angalia fizi na kucha kama zimebadilika rangi. Ya pili ni ubongo kuvimba: anayumba kama mlevi, anajibu visivyo. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa machela ikibidi. Oksijeni ya mtungi na sindano humsaidia akiwa njiani kushuka, wala si sababu ya kubaki kambini.

Vipi kuhusu Diamox?

Ni dawa nzuri, inausaidia mwili kuzoea haraka. Kwa kinga, mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa kama Septrin hukuletea mzio. Vidole vitachonyota, utakojoa mara nyingi, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Hayo yasikutishe.

Tuchukue siku 5 au 6?

Sita. Kwa siku 5 unalala Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720), kisha Kibo (karibu 4,700), na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Horombo hadi Kibo ni karibu mara mbili ya hapo. Siku ya ziada unapanda hadi Miamba ya Pundamilia, unarudi kulala Horombo. Kama hela ni ya kubana, azima koti, ulipie siku hiyo.

Konyagi kidogo kwa ajili ya baridi?

Hapana. Pombe inadidimiza upumuaji usingizini na kuupotezea mwili joto. Vidonge vya usingizi navyo viache nyumbani.

Nina selimundu.

Usipande. Mwenye vinasaba vya AS tu, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja, wengi hupanda salama, lakini bandama inaweza kudhurika. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni ya kushuka nayo. Mjamzito asubiri. Mwenye presha au pumu aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla.

Ofisi nzima imenichangia. Nitarudije bila kufika?

Hapa ndipo watu wanapojiponza. Wanameza panadoli kimyakimya, wanacheka kwa nguvu, wanamdanganya kiongozi. Mwambie kichwa kinapoanza kuuma, kabla hakijakushinda. Huenda mkapumzika tu na safari ikaendelea. Ikibidi kushuka, msaidizi wake atakusindikiza na wenzako wataendelea. Kwa wengi nafuu huanza baada ya kushuka mita mia chache tu. Utafika Horombo, utaletewa mtori, na utashangaa umeumaliza.