Kosa la ukili na kosa la darasani

Jumamosi mchana mara nyingi utanikuta Ujiji, barazani kwa bibi mmoja jirani wa nyumbani kwetu, nimenyoosha miguu, ukili wa mkeka ninaousuka uko mapajani. Siku za kazi mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na kwa miaka kadhaa sasa nimekabidhiwa kuwalea walimu wapya: wa ajira mpya, na wanachuo wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Kusuka nilianza ili nipumzishe kichwa. Lakini ni barazani pale nilipogundua kwamba kazi yangu ya kulea walimu nilikuwa naifanya vibaya, na ningependa wenzangu wanaolea watu kazini, iwe darasani, wodini au karakana, walijue hili mapema kuliko nilivyolijua mimi.

Kwa wasioijua kazi hii, mkeka wa ukindu haufumwi mzima kwa mara moja. Husukwa kwanza ukili, yaani utepe mrefu wa chane zinazopishana mshazari, kisha kili hushonwa kwa sindano, ubavu kwa ubavu, mpaka upana utoshe. Makuti machanga ya mkindu huanikwa yakawa meupe, yakachanwa chane za upana mmoja, na zile zitakazotia nakshi huchemshwa na rangi ya unga. Kabla ya kusuka unazilowesha kidogo, maana chane kavu huvunjika kwenye mkunjo. Haya yote unaweza kuelezwa kwa dakika kumi. Kinachobaki ni mkono na jicho, na hivyo huchukua miezi.

Siku ya kwanza nilidhani bibi atanionyesha namna ya kuanza. Hakufanya hivyo. Alinipa ukili ambao yeye mwenyewe alikwisha kuuanza, urefu wake kama dhiraa moja, akasema, "Endeleza, mwanangu." Mwanzo wa ukili ndio mgumu kuliko sehemu zote: chane ziko huru, hakuna cha kuzishika, na mkono usiozoea haujui zikazwe kiasi gani. Ukili ulioanzwa na fundi unakufundisha wenyewe. Njia zake unaziona, mkazo wake unauhisi kwenye vidole, na kazi yako ni kufuata.

Baadaye nilisoma kwamba Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970, alikuta jambo kama hilohilo. Wanagenzi wa pale hawakuanza na kukata kitambaa. Walianza na kazi za mwisho, kutia vifungo na kukunja pindo, wakaja kwenye kushona, na kukata wakakujia mwisho kabisa. Sababu inaeleweka. Kosa la kifungo unalirekebisha, kosa la mkasi limekula kitambaa. Lakini mimi naona faida kubwa zaidi iko kwingine: anayetia vifungo ameishika nguo nzima mkononi. Anajua kazi inaelekea wapi kabla hajaulizwa ianzie wapi.

Sisi walimu tunafanya kinyume. Kijana anaripoti Jumatatu, Jumanne anasimama mbele ya watoto tisini na andalio la somo alilolitunga usiku, na tunamtaka afungue somo, aliendeshe na alifunge. Najua kwa nini. Shule zina upungufu wa walimu, vipindi vinamsubiri mtu, na hakuna mwalimu mkuu anayeweza kumwacha mwajiriwa mpya akae tu. Kwa hiyo sijaweza kubadilisha ratiba yake yote. Ninachofanya ni kuomba somo moja, darasa moja, tuliendeshe pamoja. Juma la kwanza anasahihisha madaftari tu na kunieleza watoto wamekosea wapi na kwa nini. Juma la pili anachukua dakika kumi za mwisho za kipindi nilichofundisha mimi. Kisha anapokea sehemu ya katikati, yale mazoezi. Kufungua somo kunakuja mwisho, kama mkasi wa fundi cherehani.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, maana hapo ndipo bibi alinifundisha zaidi.

Ukisuka, chane moja ikapita juu mahali ilipotakiwa kupita chini, huoni kitu papo hapo. Unaendelea kwa furaha. Baada ya urefu wa vidole vitatu au vinne, ile mistari ya mshazari inaanza kukatika, au ukingo unavutika upande mmoja. Mimi nilipoona ukingo umevutika niliukamata palepale, nikaukaza upande wa pili ili unyooke. Ukazidi kupinda. Bibi alitazama bila kuacha kazi yake, akasema, "Hapo unapovuta hapana kosa. Kosa liko nyuma, litafute." Hakulionyesha kwa kidole. Nilifuata mstari mmoja mmoja kwa ukucha mpaka nikafika kwenye ile chane, na nikafumua mwenyewe mpaka pale. Ilinichukua muda mrefu, na yeye alikuwa na muda.

Jumatatu iliyofuata nilikaa benchi la nyuma katika darasa la IV, kijana wa ajira mpya akifundisha Hisabati, mada ya sehemu. Kipindi ni dakika 40. Kufika dakika ya 25 darasa lilikuwa soko: huyu anamvuta mwenzake, yule anaomba kwenda chooni, madawati ya nyuma yanazungumza mambo yao. Kwa mazoea yangu ya zamani ningemwambia baadaye, "Udhibiti wa darasa uuangalie, sauti ipandishe, wagawe vikundi." Ushauri wa namna hiyo nimeutoa mara nyingi, na wote ulikuwa kuvuta ukingo.

Safari hii nilimwomba tuketi na madaftari kumi. Nikamuuliza kelele zilianza lini. Akasema walipopewa zoezi la kulinganisha robo na nusu. Nikamuuliza, kabla ya hapo waliona nini ubaoni? Alinyamaza, akafungua daftari la kwanza, la pili, la tatu. Watoto wengi walikuwa wamechora mstatili wenye vipande vinne visivyolingana, kimoja wakakitia kivuli na kuandika robo. Akakumbuka. Dakika ya sita alikuwa amechora duara kwa haraka, akaligawa mara nne bila kujali usawa wa vipande. Watoto walinakili walichokiona. Kwao robo ikawa kipande chochote kimoja kati ya vinne, na zoezi la kulinganisha likawa halina maana yoyote. Mtoto aliyepewa kazi isiyo na maana atajitafutia nyingine.

"Kwa hiyo tatizo silo kelele, Madam," akaniambia. Kesho yake alikuja na karatasi za kukunja, kila mtoto akakunja yake mara mbili, akafungua, akavipima vipande kwa kuvilaza kimoja juu ya kingine. Hilo wazo lilikuwa lake.

Ningeweza kumwambia habari ya lile duara mara tu kengele ilipolia, maana niliiona. Ningeokoa nusu saa. Lakini angepata taarifa kuhusu duara moja, na juma lijalo angekosea kwenye saa au kwenye ramani, na angenisubiri tena. Alichohitaji ni ule uwezo wa kurudi nyuma kwa ukucha mpaka pale kosa lilipoanzia.

Kujizuia huku ni kugumu, na mimi nimewahi kushindwa. Miaka ya nyuma, mwalimu mmoja binti alikwama katikati ya somo, nikainuka, nikachukua chaki, nikamalizia. Nilidhani nimemsaidia. Kipindi kile kilikwenda vizuri. Lakini muhula wote uliobaki, kila aliposema jambo nami nimo darasani, watoto waligeuka kunitazama mimi kwanza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mikono ya bibi, kila ninapokosea, inabaki kwenye ukili wake.

Kuna jambo ambalo ukindu hauwezi kunifundisha. Ukindu hauoni haya. Ukifumua vidole vinne vya ukili, hasara yako ni chane zenye mikunjo tu. Mtu akifumuliwa mbele ya wenzake hawi tena yule aliyekuwa. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya baada ya kipindi nayafanya tukiwa wawili, chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa, siku hiyohiyo, wala si ofisini kwa walimu. Tuna vikao vyetu vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, navipenda na vina faida kubwa: pale tunachambua mada ngumu na kutengeneza zana pamoja. Lakini kosa la mtu mmoja silipeleki kule, isipokuwa mwenyewe ameamua kulisimulia.

Tangu wakati ule nimebadilisha pia karatasi ninayoingia nayo darasani. Zamani ilikuwa na alama: maandalizi, zana, ubao, udhibiti. Sasa nimeipiga mstari katikati. Upande wa kushoto naandika dakika na nilichokiona: dakika ya 25, madawati ya nyuma yameacha kazi. Upande wa kulia kichwa chake ni "Lilianzia wapi?", na chini yake siandiki neno. Naikabidhi karatasi ile kwa mwalimu pamoja na kalamu.