Je, Wajua Kwa Nini Dawa ya Kukaza Mifupa Yaweza Kuvunja Paja?

Shangazi yangu ana siku yake ya dawa: Jumamosi. Hakuichagua ovyo. Jumatatu na Alhamisi hufunga sunna, Ijumaa ana shughuli zake za jikoni, basi akaishika Jumamosi. Akishaswali alfajiri hutoa kidonge kimoja, akakimeza kwa gilasi nzima ya maji matupu, kisha huketi barazani kwake Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mgongo wima, macho kwenye saa. Nusu saa nzima. Chai ya maziwa iko tayari jikoni, mahamri yamefunikwa kwa kawa, na yeye hagusi kitu.

Siku moja binamu yangu akasoma kwenye simu kwamba dawa hiyohiyo, ya kukaza mifupa, imewahi kuwavunja watu mfupa wa paja. Akaisoma kwa sauti. Shangazi akakirudisha kidonge mezani, akanigeukia mimi ninayeandika mambo ya afya: "Sasa mwanangu, hii yaunga ama yavunja?"

Yafanya yote mawili, na kwa sababu ileile moja. Ili kuielewa, tutazame kwanza ukuta wa nyumba aliyokaa.

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Aliyeishi humo anajua kuwa chumvi ya baharini huila lipu: hufura, hupasuka, hudondoka unga. Fundi hodari hapaki chokaa mpya juu ya iliyooza. Kwanza hugonga na kuibambua ile mbovu hadi afike kwenye jiwe zima, ndipo apige mpya. Mfupa nao huishi hivyo. Ndani yake kuna seli zinazobomoa, ziitwazo osteoklasti, na zinazojenga, osteoblasti. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa hufanyiwa ukarabati kila mwaka bila mwenyewe kusikia chochote.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwashika mkono wabomoaji. Sasa wanabomoa vyumba vitatu, wajenzi wamemaliza viwili. Miaka ikipita, mfupa hubaki na matundu kama sifongo la baharini. Hiyo ndiyo osteoporosisi, udhaifu wa mifupa. Hauumi wala hauna homa. Shangazi aliugundua alipoteleza ngazini umeme ukiwa umekatika na kuvunjika mkono karibu na kiganja. Baadaye picha ya mgongo ikaonyesha pingili moja ya uti iliyokuwa imeshabonyea zamani, naye akidhani ni uchovu wa kuinama mekoni.

Dawa anayomeza inaitwa alendroneti, miligramu 70 kwa wiki. Ni ya kundi la bisfosfoneti, na asili ya kundi hili inanichekesha kila nikiifikiria. Sisi tunaotumia maji ya kisima hapa mjini tunalijua lile gamba jeupe linaloganda ndani ya birika. Viwandani walikuwa na shida hiyohiyo kwenye mabomba, wakawa wanatumia kemikali za fosfeti kuzuia gamba lisigande. Miaka ya 1960, mtafiti wa Uswisi Herbert Fleisch alikuwa akichunguza kemikali za jamii hiyo zinavyozuia chokaa kujikusanya mwilini. Akaona kuwa zinashikamana na madini ya mfupa, na zinazuia mfupa usiyeyuke pia. Kitu cha kusafishia mabomba kikawa mlango wa dawa ya nyonga.

Bisfosfoneti hunata kwenye mfupa, hasa pale wabomoaji wanapofanya kazi. Mbomoaji akitafuna hapo, ameimeza; nguvu humwishia, mara nyingi hufa. Ubomoaji hupungua na wajenzi hupata nafasi ya kufidia. Hiyo ndiyo faida.

Madhara yanapita mlango huohuo. Mfupa wa paja wa mtu anayepanda na kushuka ngazi kila siku hupata nyufa ndogo mno, na wanaozishughulikia kwanza ni wabomoaji: hubambua palipochanika ili wajenzi wajaze. Wakilazwa miaka mingi, nyufa hazibambuliwi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hujikusanya mahali pamoja, hadi siku moja paja linakatika kwa upana, kama chaki, mtu akiwa anatembea tu au ameanguka kidogo. Ni nadra sana, lakini lipo, na binamu hakudanganya.

Alichokosa binamu ni hesabu, na kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wanapotea, pamoja na baadhi yetu waandishi.

Mwaka 1996 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa alendroneti nchini Marekani. Wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili iliyovunjika, yaani watu wa hali ya shangazi, walifuatwa kwa takriban miaka mitatu. Nusu walipewa dawa, nusu kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Waliopewa kidonge kitupu, 15 kati ya kila 100 walipata pingili mpya iliyovunjika. Waliopewa dawa, 8. Nyonga zilivunjika kwa 2.2 kati ya 100 wasiotumia dawa na kwa 1.1 kati ya waliotumia.

Habari hiyo unaweza kuisema kwa njia mbili, zote za kweli. Ya kwanza: "Dawa inapunguza kuvunjika nyonga kwa nusu!" Ya pili: "Wanawake kama 90 watameza dawa miaka mitatu ili mmoja wao aepuke kuvunjika nyonga." Muuzaji hupenda ya kwanza, mwenye wasiwasi hushika ya pili. Ukiuliza nusu, uliza pia nusu ya ngapi. Kwa pingili za mgongo hesabu ni nono zaidi: wanawake 14 hivi wakitumia, mmoja ameepushwa.

Sasa upande wa paja. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanawake 196,129 wa California ya kusini waliowahi kutumia bisfosfoneti. Kwa miaka kama kumi, waliokatika paja kwa namna ile ya chaki walikuwa 277. Hatari ilipanda kadiri dawa ilivyotumika: waliofikisha miaka minane au zaidi walikuwa na hatari zaidi ya mara 40 ya wale ambao hawajamaliza hata miezi mitatu. Mara 40! Ndiyo sentensi inayosambazwa kwenye simu. Lakini mara 40 ya kitu kidogo sana bado ni kidogo. Watafiti walipiga hesabu kwamba kwa kila wanawake Wazungu 10,000 wanaotumia dawa miaka mitatu, nyonga 149 huepushwa kuvunjika na mapaja 2 hukatika kwa sababu ya dawa. Kwa wanawake wenye asili ya Asia, nyonga 91 huepushwa na mapaja 8 hukatika.

Takwimu hiyo ya mwisho si ya kupitwa haraka mji kama Mombasa, wenye familia chungu nzima zenye asili ya Gujarati na kwingineko Asia. Faida bado inazidi, ila pengo ni dogo zaidi, na ni jambo la kumkumbusha daktari. Kwa wanawake weusi, tafiti hizi kubwa zilikuwa na wachache mno. Tunaazima hesabu za wengine, na tuziazime tukijua.

Na mizani haitoshi bila kujua uzito wa kila kimoja. Katika tafiti nyingi za Ulaya na Marekani, takriban mmoja kati ya wazee watano waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja, na wengi wa waliobaki hawarudi kutembea kama zamani. Lakini ukivunjika kwa kuanguka, watu husema ni kadari. Ukivunjika kwa dawa, ni lawama. Ndiyo maana mapaja mawili hupiga kelele kuliko nyonga 149 ambazo hakuna aliyeziona zikiokoka.

Haya hayamaanishi kila mama aliyekoma hedhi akimbilie duka la dawa. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka: alama ya kipimo cha uzito wa mfupa (T-score) ikisoma -2.5 au chini ya hapo kulinganisha na mwanamke kijana, hiyo ni osteoporosisi. Mpaka huo ni wa kusaidia tu, mtu asiuchukue kama hukumu. Mama wa miaka 52 mwenye upungufu kidogo, hajavunjika kitu, hatari yake ni ndogo. Ukiikata kwa nusu umepata nusu ya kidogo, na madhara yako palepale. Bibi wa miaka 74 mwenye pingili iliyobonyea, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, hesabu yake ni nyingine kabisa. Mimi ningekuwa mzito kwa yule wa kwanza na mwepesi kwa huyu wa pili.

Turudi barazani, kwenye ile nusu saa. Mwili hufyonza chini ya asilimia moja ya kidonge. Hiyo ni tumbo likiwa tupu. Kalisi ya chai ya maziwa huinasa dawa njiani, ikatoka ilivyoingia. Mahamri nayo huizuia. Na kidonge kikikwama kwenye umio huunguza, ndiyo sababu ya gilasi nzima na ya kutolala. Shangazi hukimeza baada ya swala, wala si kabla, ili asiende kusujudu dawa ikiwa imetoka kooni sasa hivi. Mwenye kiungulia kikali au umio mwembamba aseme mapema, na mwenye figo dhaifu vilevile.

Ramadhani huwachanganya wengi. Anayeamka mapema kwa daku, tumbo limeshatulia tangu futari na vitafunio vya usiku, anaweza kumeza kwanza, akae wima nusu saa ndipo ale, mradi amezungumza na daktari au mfamasia wake kabla mwezi haujaandama. Wengine huhamia kwenye dripu ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka. Utafiti wa mwaka 2007, wa wanawake zaidi ya 7,700, ulionyesha dripu hiyo ikishusha kuvunjika kwa pingili kutoka 10.9 hadi 3.3 kati ya 100 kwa miaka mitatu, na nyonga kutoka 2.5 hadi 1.4. Kasoro yake ni kwamba siku chache za mwanzo wengi hupata homa na maumivu ya mwili. Hapa pwani mtu akipata homa hukimbilia kusema malaria. Basi mweleze anayekupima kwamba jana ulitundikiwa dripu ya mifupa. Vitamini D nayo ipimwe au ifidiwe kabla. Jua letu ni kali, lakini mama anayeshinda ndani na kutoka na buibui halimfikii sana.

Meno: taya kushindwa kupona baada ya jino kung'olewa ni jambo lililotambuliwa tangu 2003, hasa kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa. Kwa dozi za osteoporosisi ni nadra mno. Maliza kung'oa ya kung'olewa kwanza, kisha anza dawa.

Kuna pia sindano ya denosumabu, kila miezi sita. Inafanya kazi vizuri, ila ina masharti ambayo ningeyaandika kwa wino mwekundu: haiachwi ghafla. Tofauti na bisfosfoneti, hainati mfupani. Ikichelewa, wabomoaji huamka wote kwa pamoja, na wapo waliovunjika pingili kadhaa ndani ya miezi. Kama huna hakika utaipata na kuilipia miezi sita ijayo, na miezi sita baada ya hapo, fikiria mara mbili kabla ya kuchoma ya kwanza.

Kule kunata kwa bisfosfoneti, kunakoleta nyufa, ndiko kunakompa mtu ruhusa ya kupumzika. Dawa hubaki mfupani miaka. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 1,099 waliokwisha kutumia alendroneti kwa miaka kama mitano. Wengine wakaendelea, wengine wakapewa kidonge kitupu kwa miaka mitano zaidi. Kwa jumla ya mifupa isiyo ya mgongo hakukuwa na tofauti. Pingili zilizovunjika na kuleta maumivu zilikuwa 5.3 kati ya 100 kwa walioacha na 2.4 kwa walioendelea. Kwa hiyo baada ya miaka mitano ya vidonge, au mitatu ya dripu, madaktari hukaa upya na mgonjwa: mwenye hatari ya kawaida hupumzishwa, mwenye mgongo dhaifu huenda akaendelea. Na hatari ya paja hushuka haraka mtu akiacha.

Paja lenyewe mara nyingi hutoa taarifa: maumivu ya kinena au ya katikati ya paja, wiki au miezi kabla halijakatika. Hayo si ya kukandwa kwa mafuta ya nazi na kusubiri. Ni ya kupigwa picha, mapaja yote mawili.

Nilimaliza kumweleza haya shangazi chai ikiwa imepoa. Akauliza moja tu: je, kidonge kitamzuia kuteleza ngazini? Nikasema hapana. Wiki hiyo akamwita fundi, akafunga kamba nene ya kushikia toka juu hadi chini na taa ya betri kwenye kona. Sasa yuko mwaka wa tatu. Jumamosi iliyopita nilimkuta barazani, akanionyesha saa kwa kidole: dakika nane zimebaki, na yule binamu ameshaanza kufunua kawa.