Noah inazimika yenyewe njiani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kati ya magonjwa ya gari, hili la kuzimika lenyewe kisha kuwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea ndilo linalokula pesa nyingi za spea bure. Nalichukua kupitia Toyota Noah na pacha wake Voxy, kwa sababu ndizo zinazobeba familia nyingi kwetu, na Arusha na Moshi zimebeba hadi abiria wa kulipa nauli. Shida haiko sana kwenye ugumu wa ufundi. Gari likizima mlimani na kufika gereji likinguruma vizuri, fundi hana cha kupima. Anabaki kukisia, na kila kisio lina bei yake kwenye maduka ya spea, Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi). Ushahidi ulikuwepo pale lilipozima, na aliyekuwa nao ni dereva. Kwa hiyo mengi ya hapa chini yanamhusu dereva kuliko fundi.

"Imekata ghafla, basi ni pampu ya mafuta"

Pampu inayochoka kwa kawaida haiui injini kwa mkato mmoja. Presha ya mafuta inashuka, gari linakosa nguvu, linajikokota kwenye mwinuko, linarukaruka ukikanyaga, ndipo linanyamaza. Injini inayokatika papo hapo, kama mtu kazungusha ufunguo, mara nyingi imenyimwa umeme: koili hazitoi moto wa plagi, au nozeli (zinazonyunyizia injini mafuta) hazipati amri ya kufunguka. Tofauti hiyo, ya kukabwa pumzi taratibu na kukatwa ghafla, ni ya thamani kuliko mashine yoyote ya gereji, na haihitaji elimu. Inahitaji tu dereva aliyesikiliza.

Kisha kuna mtego ambao umezika pampu nyingi zilizo hai. Kwenye Toyota nyingi za zamani, kontrol boksi (kompyuta ya injini) huiruhusu pampu kufanya kazi pale tu inapopata ishara kwamba krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka. Ishara hiyo inatoka kwenye sensa ya krenki. Sensa ikikatika, moto unapotea, nozeli zinafungwa, na pampu nayo inazimwa. Fundi anapima presha ya mafuta, anakuta hakuna, anaihukumu pampu. Mpya inafungwa, gari linawaka (maana sensa imeshapoa wakati kazi ikiendelea), kila mtu anafurahi, na baada ya siku chache linazima tena palepale.

Kwa sababu hiyohiyo, ile kanuni ya kuwasha swichi na kusikiliza kama pampu italia sekunde mbili haifai kwa magari haya yote. Toyota nyingi za zamani hazilishi pampu mpaka upige stata, kwa hiyo ukimya wake swichi ikiwa imewashwa si kosa.

Pampu iliyochoka kweli ina tabia zake. Gari linasumbua zaidi mafuta yakiwa chini ya robo, kwa kuwa pampu imo ndani ya tenki na mafuta ndiyo yanayoipoza. Linasumbua kwenye kilima kirefu kama Kitonga kuliko mjini. Na likiwa limegoma, mtu akigonga tenki kwa chini na nyundo ya mpira huku mwenzake anapiga stata, linaitika. Hapo kaboni za mota ya pampu zimekwisha, kanunue pampu kwa amani.

"Kama ni sensa, taa ya injini ingewaka"

Ingewaka kama kontrol boksi ingeelewa kwamba kuna kosa. Sensa ya krenki ya aina ya sumaku na koili ndogo ikipata joto, waya mwembamba ndani yake unaachana. Ikipoa, unashikana tena. Kwa kontrol boksi, ishara kupotea ghafla kunafanana na injini iliyozimwa tu. Kosa huenda likaandikwa baadaye, pale unapopiga stata na ishara bado haipo, au lisiandikwe kabisa. Na sensa hiyohiyo ukiipima na mita asubuhi ikiwa baridi, inatoa ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) safi kabisa.

Dalili yake iko kwenye dashibodi, kama gari lako lina geji ya mizunguko ya injini. Likikatika ukiwa bado kwenye mwendo, tazama mshale. Ukianguka kwenye sifuri mara moja huku magurudumu bado yanasukuma injini, ishara ya krenki imepotea, au umeme wote wa injini umekatika. Likigoma kuwaka, piga stata uone kama mshale unatikisika hata kidogo. Usipotikisika, shuku sensa. Subiri nusu saa ipoe: likiwaka bila hatua nyingine yoyote, una kesi nzuri ya kupeleka kwa fundi. Fundi mwenye subira anaweza kuipasha sensa joto kwa draya ya nywele gari likiwa limesimama gerejini na kuona kama linakatika. Huo ndio upimaji, kuutengeneza ugonjwa mbele ya macho yako.

"Mashine imesoma hakuna kosa, gari ni zima"

Hapa wenye magari ya Japan wanaumia zaidi ya wengine. Japan ililazimisha mfumo wake wa pamoja wa kusoma makosa, JOBD, Oktoba 2008. Noah nyingi za kabla ya hapo zina soketi yenye umbo lilelile la pini 16, lakini vile vidude vya bei rahisi vya bluetooth vya kusomea makosa kwa simu mara nyingi havielewani nazo. Kinachotoka kwenye simu ni "hakuna kosa" au kushindwa kuunganisha, na watu wanakisoma kama cheti cha afya.

Gari la namna hiyo linaweza kusema lenyewe. Ukiunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa waya kisha ukawasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini humemeteka kwa hesabu. Kwenye mfumo wa zamani wa tarakimu mbili, 12 na 13 ni ishara ya mizunguko ya injini, 14 ni moto wa koili. Hesabu pini mara mbili kabla ya kugusa, kwa maana pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Kama mkono wako hauna uhakika, mpelekee fundi umeme mwenye mashine inayoongea na Toyota za Japan.

"Badilisha plagi kwanza, ni rahisi"

Plagi mbovu inafanya gari limisi (silinda ikose moto), litetemeke na linywe mafuta. Plagi nne haziwezi kukubaliana kufa sekunde moja na kufufuka pamoja. Zibadilishe zikifika wakati wake, lakini usiite hiyo matibabu ya kuzimika.

"Ni betri"

Injini ikishawaka, altaneta ndiyo inayolisha gari, na ukipima kwenye betri injini ikinguruma unatakiwa kuona kama volti 13.5 hadi 14.7. Altaneta ikifa, gari halikatiki hapo hapo. Taa ya betri inawaka, taa za mbele zinafifia, redio inazimika, na injini inaendelea kwa muda ikila akiba ya betri hadi ikaanguka. Baada ya hapo halipigi stata tena, linatoa mlio wa tik-tik tu. Gari lililokatika ghafla kisha likapiga stata kwa nguvu zote halina kosa la betri.

Vichwa vya betri ni kesi nyingine. Kilicholegea au kuota ule unga wa kijani kinaweza kukata kila kitu kwenye shimo la barabara na kurudisha kwenye shimo linalofuata. Kadhalika waya wa hasi unaoshika bodi na injini. Vishike kwa mkono, vizungushe; vikicheza, umepata kazi ya kufanya kabla ya kumwona mtu yeyote.

"D-4 ni ugonjwa wa kuzaliwa, ng'oa injini"

Noah na Voxy za Novemba 2001 zilikuja na injini ya lita 2, 1AZ-FSE, ambayo nozeli zake zinamwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Jina lake D-4 limekuwa kama tusi sokoni. Sifa hiyo mbaya ina chanzo cha kweli: kwenye injini ya kawaida petroli inapita mgongoni mwa vali za kuingizia hewa na kuziosha, na kwenye D-4 haipiti. Moshi wa oili na wa EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) unaganda pale kama masizi ya chungu, na masizi hayohayo yanajaa kwenye throtoli, mlango wa kuingizia injini hewa, na kwenye vali ya EGR.

Matokeo yake ni kuzimika kwa namna nyingine kabisa. Gari halikatiki likiwa kwenye 80. Linakufa likiwa sailensi: kwenye foleni, kwenye taa, ukiachia mafuta kukata kona, hasa kiyoyozi kikiwashwa. Mizunguko inayumba, inashuka chini ya ile 650 au 700 ya kawaida, linanyamaza. Ukipiga stata linawaka hapo hapo. Hali hii inahitaji throtoli kusafishwa, EGR kuangaliwa kama inafunga sawasawa, na mipira ya hewa kukaguliwa kama imepasuka, ukiwemo ule mnene wa kwenda kwenye hydrovac ya breki (chombo kinacholainisha kanyagio). Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofikia gharama ya injini nyingine.

Dhana mbili zinaambatana na hii. Ya kwanza ni dawa ya kumwaga kwenye tenki. Inaweza kusaidia ncha za nozeli, lakini vali za hewa za D-4 haizifikii, kwa sababu ileile kwamba petroli haipiti huko. Ya pili ni lawama kwa fundi kwamba "kaharibu" baada ya kusafisha. Throtoli ikitolewa masizi, au betri ikichomolewa, kontrol boksi inabaki na hesabu za zamani na inahitaji kujifunza upya kiasi cha hewa. Mizunguko inaweza kuwa juu au gari likazimika mara moja mbili siku ya kwanza. Fundi anayejua atafanya hatua za kulifundisha kabla ya kukukabidhi. Aliye na haraka ataisukuma sahani ya throtoli kwa kidole huku swichi imewashwa, huyo mzuie.

Noah za umbo jipya la katikati ya 2007 zilikuja na injini za 3ZR zenye nozeli za mahali pa kawaida, kwa hiyo ukisikia Noah ya umri huo ikiitwa D-4, msemaji anahadithia gari lingine.

"Kizuia wizi hakihusiani na injini"

Kwa maoni yangu hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Alamu ya kufungwa mtaani, swichi ya siri chini ya kiti, kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na mkopeshaji: vingi vinafanya kazi kwa kukata waya wa pampu au wa swichi na kupitisha umeme kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ndogo ya bei rahisi. Waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe unapata joto, unatetemeka, unaoza. Waya au relei hiyo ikiachia, gari linakatika bila onyo, na hakuna mchoro wa Toyota utakaomwonyesha fundi relei hiyo. Gari limepita mikono mitatu, mwenye sasa hajui hata kama kipo. Fungua paneli ya chini ya usukani utafute waya usio wa kiwandani. Kuzimika kulikoanza wiki chache baada ya kufunga alamu au redio mpya kuna mshukiwa tayari.

"Ufunguo ni ufunguo tu"

Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita zaidi ya magari milioni 2 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa laini kupita kiasi. Uzito wa rundo la funguo au kugongwa na goti kuliirudisha nyuma; injini ilizima, usukani ukawa mgumu, na mifuko ya hewa haikufunguka gari lilipogonga. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka huohuo Chrysler nayo iliita minivan zake za familia, Dodge Grand Caravan na Town & Country, kwa tatizo la swichi. Noah haikuwemo, lakini swichi ya gari la miaka 20 lenye funguo za nyumba, duka na ghala zimening'inia imechakaa ndani. Gari likiwa limesimama linanguruma, tikisa ufunguo taratibu. Likikatika, umemaliza upelelezi.

"Likizima, breki zimekwisha"

Hii inaua, kwa hiyo ijulikane na kila anayeshika usukani wa gari hilo. Hydrovac inabaki na akiba ya msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu, na hata ikiisha breki bado zinashika, ila kanyagio linakuwa gumu na linataka mguu wa nguvu. Usipigepige kanyagio, maana kila pigo linamaliza akiba. Kanyaga mara moja, shikilia. Usukani nao unakuwa mzito lakini unageuka. Usichomoe ufunguo gari likitembea, kwa kuwa usukani unaweza kujifunga. Washa taa za tahadhari, tafuta pembeni, kisha weka pembetatu mbali nyuma ya gari kabla ya kuanza kutafuta simu ya fundi.

"Fundi kasema kontrol boksi imekufa"

Inatokea, lakini mara chache sana kuliko inavyotamkwa. Mwulize amepima nini: umeme wa kuingia kwenye boksi upo gari likiwa limezima? Relei kuu ya EFI (mfumo wa umeme wa kunyunyizia mafuta) imeshika? Waya wa hasi wa boksi uko safi? Kama jibu ni kwamba kila kingine kimeshabadilishwa, hajapima. Na boksi la mtumba kutoka Noah nyingine linaweza lisikubali ufunguo wako kabisa endapo gari lina kizuia wizi cha kiwandani, halafu ukawa na gari lisilozimika kwa sababu haliwaki.