Kujilia soko: kwa nini mtengenezaji wa konsoli huiogopa simu

Kujilia soko ni pale bidhaa mpya ya kampuni inapowachukua wateja wa bidhaa yake ya zamani badala ya kuleta watu wapya. Mauzo ya bidhaa mpya yanapendeza vitabuni, lakini ukijumlisha zote mbili unakuta mfuko haujaongezeka, na pengine umepungua. Dhana hii ndiyo kiini cha ubishi unaozuka kila vijana wa gemu wanapokutana, iwe Kondele hapa Kisumu, Section 58 kule Nakuru au nje ya lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega: mbona Sony na Nintendo, wenye konsoli, yaani zile mashine za kuchezea gemu, wasituwekee gemu zao kubwa kwenye simu, ilhali kila mtu ana simu?

Chukua mama mwenye hoteli ya samaki pale Dunga. Siku moja anaweka meza langoni na kuanza kuuza samaki wa kukaanga wa kubeba, nusu bei. Kama wanaonunua langoni ni watu wa boda ambao hawajawahi kuketi ndani, amepata pesa mpya. Kama ni wale wale waliokuwa wakiketi ndani, hasara yake inazidi ile nusu bei, maana aliyeketi angeagiza pia ugali, mboga na soda mbili. Samaki ni yule yule. Kinachobadili hesabu ni nani anayesimama pale langoni, na angekula wapi kama meza isingekuwepo.

Kwenye konsoli, ugali na soda ndiyo biashara yenyewe. Wengi hudhani Sony hutajirika kwa kuuza mashine. La. Mashine mara nyingi huuzwa kwa faida ndogo, au kwa hasara kabisa mwanzoni. PS5, konsoli ya Sony, ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na mpaka Agosti 2021 ndipo Sony ikasema kwamba toleo hilo limeacha kuuzwa kwa hasara. Mwaka huo huo, katika kesi ya Epic, kampuni ya gemu, dhidi ya Apple kule California, ofisa wa Microsoft aliulizwa chini ya kiapo kuhusu faida ya konsoli yao ya Xbox, akajibu kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwenye mashine zenyewe. Pesa hurudi baadaye: gemu ambazo mnunuzi atanunua kwa miaka sita au saba, ada ya kucheza mtandaoni, na juu ya hayo fungu ambalo kampuni hukata kwa kila gemu ya watu wengine inayouzwa katika duka lake. Fungu hilo kwa kawaida ni kama asilimia 30.

Sasa ipeleke gemu hiyo hiyo kwenye simu. Duka ni la Apple au la Google, na ile asilimia 30 iliyokuwa ikiingia kwako sasa inatoka kwako. (Tangu Januari 2021 Apple hukata asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo, ila mdogo kwao ni yule anayepata chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Nintendo hawamo humo.) Kwa hiyo mteja mmoja anayeiacha konsoli na kuhamia simu anaondoka na gemu alizokuwa anunue, ada yake, na mafungu ya gemu za wengine ambayo yangepitia kwake. Hata akilipa vizuri kwenye simu, si rahisi kulijaza pengo hilo.

Kuna watu wawili ambao ubishi wa vijana huwachanganya. Yupo anayetengeneza mashine na gemu zake, yaani Sony, Nintendo na Microsoft, na yupo anayetengeneza gemu tu za kuchezwa kwenye mashine za wenzake. Huyu wa pili hana mashine yake ya kulinda. Analipa fungu kila anapokwenda, awe kwa Sony au kwa Google, hivyo kwake swali la simu ni jepesi zaidi. Mwaka 2021 Konami, wenye gemu ya mpira ya PES, waliachana na jina hilo, wakatoa eFootball ya bure, kwenye konsoli na, mwaka uliofuata, kwenye simu pia. Toleo la kwanza lilichekwa dunia nzima kwa nyuso za wachezaji zilizopinda, lakini uamuzi wenyewe wa biashara ulikuwa na mantiki, na huku kwetu ndiyo mpira ambao vijana wengi wanao mfukoni.

Kwa mwenye mashine, mfano wa kusoma kwa makini ni Nintendo. Kampuni hiyo ya Kyoto ilianza mwaka 1889 ikitengeneza karata, basi kubadili biashara si jambo geni kwake. Hata hivyo rais wake, Satoru Iwata, aliikataa simu kwa miaka mingi, hata wawekezaji walipompigia kelele. Hofu yake ilikuwa na msingi: Mario, mhusika maarufu wa gemu za Nintendo, huwezi kumpata kwingine, na kwa sababu hiyo watu hununua mashine. Kisha konsoli yao ya Wii U, iliyotoka 2012, ikauza kama mashine milioni 13 na nusu tu maisha yake yote, ilhali Wii iliyoitangulia ilipita milioni 100. Machi 2015 Iwata akatangaza ushirikiano na DeNA, kampuni ya Kijapani ya gemu za simu. Ninachokipenda katika tangazo lile ni kwamba siku hiyo hiyo alitaja mashine mpya iliyokuwa ikitengenezwa, kwa jina la muda NX, mtu asije akadhani Nintendo inahama. Alifariki Julai mwaka huo, kabla gemu yoyote ya mpango huo haijatoka.

Julai 2016 ikaja Pokémon Go, gemu ya simu ya kutembea nje ukiwinda viumbe wa Pokémon. Iliyoitengeneza ni Niantic ya Marekani, na Nintendo ina hisa tu katika kampuni inayosimamia Pokémon, lakini soko la hisa halikungoja ufafanuzi. Bei ya hisa za Nintendo ilipanda zaidi ya maradufu kwa wiki chache. Kampuni ilipowakumbusha wawekezaji kwamba faida itakayoifikia ni ndogo, hisa zikaanguka karibu asilimia 18 kwa siku moja. Watu huikumbuka hadithi hiyo kwa kichekesho chake, na kuliacha lililo muhimu: gemu za Pokémon zilizokuwa tayari madukani kwa mashine ya mkononi ya 3DS zilianza kununuliwa upya. Waliotoka nje kuwinda kwa simu walirudi nyumbani wakitaka gemu kamili. Hapo simu haikula soko la konsoli, ililipanua.

Desemba mwaka huo Nintendo ikamtoa Mario mwenyewe. Super Mario Run ilipakuliwa mara milioni 40 kwa siku nne za kwanza, kwenye vifaa vya Apple peke yake. Kionjo kilikuwa bure, na gemu nzima ilifunguliwa kwa kulipa mara moja dola 9.99, ambazo kwetu wakati ule zilikuwa kama shilingi 1,000. Hawakumhamisha Mario wa konsoli. Walitengeneza Mario anayekimbia mwenyewe, wewe kazi yako kugusa kioo ili aruke, hivyo unacheza kwa kidole gumba ukiwa umeshika chuma cha matatu kwa mkono mwingine. Nadhani huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu na ulinzi wa soko kwa wakati mmoja, kwa sababu aliyetaka Mario wa kweli alijua bado hajampata. Ila kwa pesa haikutosha. Ilipofika mwishoni mwa 2017 gemu ilikuwa imepakuliwa mara milioni 200, na Nintendo yenyewe ikakiri kwamba faida haijafikia kiwango inachokiridhia.

Iliyoleta pesa ni Fire Emblem Heroes ya Februari 2017, ambayo ni bure kuanza halafu unalipa kujaribu bahati ya kupata shujaa unayemtaka. Ndivyo gemu nyingi za simu zinavyoishi: walio wengi hawalipi hata senti, na wachache hulipa sana. Mtaa unaojua kubeti hauhitaji kuelezwa zaidi. Ubelgiji ilipokaza sheria kuhusu masanduku ya bahati ya kulipia, Nintendo iliiondoa gemu hiyo nchini humo Agosti 2019, pamoja na Animal Crossing: Pocket Camp. Kwa kampuni ambayo wazazi huiamini kwa watoto wao, hiyo ni gharama isiyoandikwa kwenye hesabu za robo mwaka. Gemu nyingine za mpango ule zilizimwa moja baada ya nyingine: Miitomo 2018, Dr. Mario World 2021. Pocket Camp ilipofungwa mwisho wa 2024 ilibadilishwa kuwa toleo la kulipia mara moja, jambo ambalo kwa maoni yangu lingefanywa tangu mwanzo.

Na ile hofu ya Iwata? Switch, ile NX, ilitoka Machi 2017 wakati gemu za simu zimekwisha kusambaa, nayo ikauza zaidi ya milioni 150. Sidai kwamba simu ndiyo iliyoiuza. Ninachosema ni kwamba simu haikuila.

Sony, kwa upande wa PlayStation, haina mengi ya kusimulia hapa. Ilinunua Savage Game Studios mwaka 2022 ili iingie kwenye simu, ikaifunga 2024 kabla haijatoa gemu. Microsoft ilichagua njia ya pesa nyingi: Oktoba 2023 iliimeza Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, na ndani yake wamo King, wenye gemu ya simu ya Candy Crush. Mchezaji wa Candy Crush na mchezaji wa Xbox hawagombaniwi na mtu, kwa hiyo swali la kujilia halikuwahi hata kuinuka.

Turudi Kisumu, kwa sababu huku hesabu inakaa vingine. Wengi wetu tumeijua PlayStation kwenye kibanda cha gemu: runinga moja, konsoli moja ambayo mara nyingi ni ya mtumba, padi mbili zilizochoka, na foleni ya vijana. Unalipa shilingi 10 au 20 kwa mechi, kutegemea mtaa, na anayefungwa anatoka. Bei ya PS5 ilipotoka, dola 499, ilikuwa kama shilingi 55,000 kabla ya usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji, basi mwenye kibanda ndiye anayenunua na mtaa mzima unacheza. Sony ilipata pesa yake mara moja, tena pengine kutoka kwa Mwingereza aliyeiuza konsoli hiyo baadaye. Mechi elfu kumi zitakazochezwa Nyalenda haziiongezei kitu.

Kwa hiyo hofu ya kujilia soko, ambayo Tokyo au London ina maana, Kondele haina mtu wa kumhusu. Kijana wa foleni anaipenda PlayStation, anajua gemu zake kwa majina, lakini hajawahi kuwa mteja wake. Huwezi kupoteza mauzo ambayo hayakuwepo. Gemu ya simu ikimfikia na akalipa hata shilingi 50, hiyo ni pesa mpya kabisa. Anayeumia ni mwenye kibanda. Vijana wakikaa kwenye ukuta wanacheza eFootball simu kwa simu, padi zake zinalala mchana kutwa na tokeni za stima bado zinakwisha. Ila huo ni ushindani wa kawaida, kwa kuwa anayekula na anayeliwa ni watu wawili tofauti.

Hata hivyo “kila mtu ana simu” ni maneno ya haraka. Simu nyingi zinazonunuliwa kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo zina nafasi finyu, na gemu kubwa ya konsoli ikiingia humo inabidi picha na WhatsApp vitoke. Super Mario Run ilidai intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako, ili kuzuia wizi wa gemu. Kwa mwenye bando la saa moja hilo ni kufungiwa mlango. Na zile shilingi 1,000 za mkupuo mmoja ni mechi 50 au hata 100 za kibandani, tena kibandani unalipa kwa sarafu, hawakuulizi kadi ya benki. Kampuni inayotaka soko hili ingefanya vizuri kuuza vipande vidogo, kwa shilingi, kwa M-Pesa, na kuruhusu gemu ichezwe bila mtandao. Pengine ndiyo sababu Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony uliweka pesa katika Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini inayosambaza gemu za simu barani na kushughulikia malipo ya kienyeji, badala ya kujaribu kuyajenga hayo yote kutoka Japani.

Kama ningeulizwa ushauri, ningesema mwenye konsoli aingie kwenye simu, lakini apeleke wahusika wake na gemu iliyobuniwa kwa kidole kimoja, na ile gemu kubwa aiache ilipo. Tena afungue akaunti moja inayofanya kazi pande zote mbili. Nintendo walifanya hivyo 2016, walipoanzisha akaunti yao mpya sambamba na Miitomo, na ndiyo njia pekee ya kujua kama aliyecheza kwenye simu mwezi huu alinunua mashine mwaka ujao au aliacha kuinunua. Bila hiyo, kujilia soko hubaki kuwa jambo la kubishania tu mikutanoni. Kwenye kibanda cha Manyatta akaunti huwa moja, ya mwenye kibanda, na vijana mia moja wanaoshika padi zile kwa wiki huonekana kwa kampuni kama mtu mmoja asiyelala.