Mwezi Ukichomoza Mama Ngina, Mbona Mkubwa Hivyo?

Mwezi mpevu uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wanane Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mji, na mwezi ukaibuka baharini mwekundu, mpana kama sinia. Simu zote zikatoka. Kila picha ikaonyesha kitone cheupe kidogo juu ya maji meusi. "Mwalimu, simu yangu ni mbovu?" akaniuliza mmoja.

Kabla sijajibu, mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akinywa kahawa kando yetu akasema: "Mwezi umesogea karibu, wanangu. Ndiyo maana leo ni bamvua."

Nalipenda jibu hilo kwa sababu linaweza kupimwa. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana kuliko siku nyingine, huja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kwa kuwa jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja na mvuto wa jua ukaongezea ule wa mwezi. Na hapa kwetu, siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri. Mwezi unapochomoza wakati wa magharibi, maji yameshaanza kupwa. Nilipomkumbusha mzee hilo alicheka, maana saa za maji anazijua kuliko mimi.

Ukweli ni kwamba mwezi ukichomoza huwa mbali zaidi. Uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, lakini wakati huo tunautazama tukiwa ubavuni mwa dunia. Kufikia saa sita usiku dunia imejizungusha na kutubeba hadi chini yake. Hapa Mombasa, digrii 4 kusini mwa ikweta, mwezi hupita karibu na utosi, na tunakuwa tumeukaribia kwa takriban kilomita 6,000. Basi mwezi wa utosini ndio mkubwa, ila kwa asilimia 1 na nusu hivi tu, kiasi ambacho jicho halikigundui.

Miaka yangu ya kwanza darasani nilifundisha kwamba hewa inaukuza mwezi kama lenzi. Nilikosea, na nawaomba radhi wanafunzi wale. Hewa hupinda mwanga, kweli, lakini kwenye upeo wa macho huufinya mwezi kutoka juu na chini kidogo. Haiutanui.

Mfukoni nilikuwa na punje za mbaazi kavu. Nyoosha mkono, shika punje moja kwa ncha za vidole, fumba jicho moja. Mwezi unachukua nusu digrii tu ya anga, na kitu cha milimita 6 kwenye urefu wa mkono kinauziba wote. Tulijaribu saa moja, tukajaribu tena saa tatu mwezi ukiwa juu umekuwa mweupe. Punje ileile ikauziba vilevile. Simu ilisema kweli.

Basi ukubwa unatoka wapi? Jicho halipokei ukubwa wa kitu, linapokea pembe tu. Ukubwa ni hesabu ya ubongo: pembe hii, kwa umbali huu, basi kitu ni kikubwa kiasi hiki. Darasani nawaonyesha hivi. Tazama karatasi nyekundu yenye mwanga mkali kwa nusu dakika, kisha tazama kiganja chako: doa la kijani linaelea pale, dogo. Hamisha macho ukutani, doa lilelile linakuwa kubwa. Ndani ya jicho halikubadilika hata kidogo. Emil Emmert, daktari wa macho wa Uswisi, alilieleza jambo hili mwaka 1881.

Na anga tunaiona vipi? Si kama kuba la msikiti. Ni kama kawa ya kufunikia chakula iliyobonyezwa juu: utosini iko karibu, pembeni iko mbali sana, hasa penye maji, majahazi na taa za meli zinazosubiri kuingia bandari ya Kilindini. Basi kwa pembe ileile, mwezi wa pembeni ubongo huuhesabu kuwa mkubwa. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo miaka elfu moja iliyopita, aliuhusisha ukubwa huu wa mwezi na umbali tunaouhisi. Mwaka 1962 wanasaikolojia Lloyd Kaufman na Irvin Rock, huko Marekani, walitumia vioo kuweka miezi ya bandia angani. Mwezi wa kwenye upeo ulionekana mkubwa, lakini walipoficha ardhi iliyo mbele yake, tofauti ikapotea. Unaweza kujaribu kwa gazeti ulilolikunja kuwa bomba. Chungulia, na sinia linakuwa kisahani.

Nilipofika hapo mzee akaweka kikombe chini. "Mwalimu, wasema akili yangu yauona uko mbali. Mbona mimi nauona uko karibu?"

Hilo ndilo swali ambalo wataalamu wenyewe bado wanabishania. Wapo wanaosema ubongo hupiga hesabu mara mbili: kwanza, bila sisi kujua, huuweka mwezi mbali na kuukuza, kisha sisi, tukiuona mkubwa, twasema uko karibu. Wengine hawaridhiki, wanatafuta sababu kwenye misuli ya macho na jinsi yanavyolenga vitu vya mbali. Nilimweleza mzee pande zote mbili. Akaomba punje ya mbaazi, akafumba jicho, akanyoosha mkono kuelekea baharini na kukaa hivyo muda mrefu, kahawa ikipoa.