Ukuta wa Natron na magma isiyofika juu

Julai 2007 ardhi ya kusini mwa Ziwa Natron ilianza kutikisika, na haikutulia kwa wiki kadhaa. Tetemeko kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, lilipiga tarehe 17 na kusikika hadi Nairobi, ambako watu walishuka maghorofani mbio. Lawama zikauangukia Oldoinyo Lengai. Si ajabu: ndiyo volkano hai inayojulikana kuliko zote Tanzania, Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, na tarehe 4 Septemba mwaka huohuo ulilipuka kweli. Ila mtikisiko haukuanzia kwake. Kiini kilikuwa chini ya Gelai, jirani yake wa kaskazini-mashariki, volkano iliyozimika zamani na ambayo hakuna aliyekuwa akiihofia.

Hadi leo sisi tunaochunguza miamba tunaulizwa, "Sasa Gelai ulilipuka lini?" Haukulipuka. Na hapo ndipo penye somo.

Ukiwa Engare Sero, kijiji cha kusini mwa Ziwa Natron, tazama magharibi. Ule ukuta unaopanda mamia ya mita si mlima uliojengeka kwa kurundikana. Ni uso wa mpasuko. Ardhi inavutwa pande mbili, mwamba unakatika kwa mshazari, kipande cha mashariki kinashuka na cha magharibi kinabaki juu. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka milioni moja, tetemeko baada ya tetemeko, kila moja likishusha bonde kidogo. Kinachovuta ni kuachana kwa mabamba mawili ya ganda la dunia, la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki, kwa mwendo wa milimita chache tu kwa mwaka.

Shuleni mipasuko hufundishwa sura yake na volkano sura yake, na mwanafunzi hutoka akidhani ni mambo mawili. Kwenye Bonde la Ufa yanagawana kazi moja. Bonde likiwa bado changa, mpasuko mkubwa wa pembeni, yaani huo ukuta, ndio unaobeba karibu mzigo wote wa kutanuka. Kadiri magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inavyozidi kupanda kutoka chini, mzigo unahamia katikati ya bonde. Magma inajipenyeza wima kwenye miamba kama kabari kwenye gogo, inaitanua, kisha inaganda humohumo. Mwamba unaobaki pale unaitwa daiki.

Gelai ilikuwa hivyo. Picha za rada za setilaiti, zilizolinganisha ardhi ya kabla na ya baada, zilionyesha mambo mawili yaliyofuatana. Kwanza mpasuko mmoja ndani ya bonde uliteleza polepole, kwa siku kadhaa, bila kutoa mtikisiko unaolingana na umbali ulioteleza. Kisha magma ikaingia na kufungua njia ya urefu wa kilomita kama 7, unene ukikaribia mita 2. Haikufika juu. Tulichokiona usoni ni nyufa zilizoachama kwenye mteremko wa kusini wa Gelai, na ukanda wa ardhi kati yake uliodidimia.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mabamba yanaachana milimita 4 kwa mwaka. Ili kupata mita 2 unahitaji miaka 500. Daiki moja ikalimaliza deni hilo, mahali hapo, kwa wiki chache. Na hiyo ni ndogo! Septemba 2005, huko Afar nchini Ethiopia, daiki ya kilomita kama 60 ilijifungua hadi mita 8.

Je, Gelai ndiyo iliyouamsha Lengai? Wapo wataalamu wanaoona kwamba kutanuka kwa miamba chini ya Gelai kulibadilisha mkandamizo kwenye mfumo wa Lengai. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, lakini kufuatana kwa matukio peke yake si ushahidi, na Lengai hulipuka hata pasipo msaada wa jirani.

Si lazima uwe na setilaiti ili kuziona alama za mambo haya. Kwenye korongo lililokatiza miamba ya volkano, tafuta utepe mweusi uliosimama ukikata matabaka yaliyolala. Sogea karibu. Kwenye kingo chembe zake ni ndogo kiasi cha kutoonekana, kwa kuwa magma iligusa mwamba baridi ikaganda upesi. Katikati, ilikopoa taratibu, fuwele zimekua. Mwamba wa jirani umeungua, umebadilika rangi. Kwenye uso wa mpasuko utakuta sehemu laini yenye michirizi. Pitisha kiganja kuelekea upande ambao kipande kilichokosekana kilielekea: kinateleza. Kirudishe: kinakwaruza.

Magma iliyokwama chini ina faida zake. Joto lake ndilo linalochemsha maji ya Olkaria, ambako Kenya inazalisha umeme tangu 1981. Ina na hatari zake, na mfano ulio wazi ni mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji huo, ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Lava ikasimama pembezoni mwa mji, watu wakashusha pumzi, kumbe magma nyingine ilikuwa ikipita chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu. Matetemeko yakafuatana, barabara zikapasuka, na tarehe 27 wakazi wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama. Magma hiyo haikutokea juu, lakini amri ile ilikuwa sahihi.

Kwa wanaoishi chini ya ukuta, jambo la kwanza ni mawe yanayoporomoka. Matetemeko yakianza kufuatana, usilaze mifugo wala usipige kambi kwenye kitako cha mteremko, hata kama hapo ndipo penye kivuli na maji. La pili ni hewa. Nyufa za bonde hupitisha hewa ya ukaa, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Goma wanaiita mazuku. Ukikuta ndege na panya wamekufa shimoni bila jeraha, usishuke kumtoa mbuzi.

Na ukiona ufa mpya shambani, kabla ya kuufukia, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande. Pima umbali kati yake kwa futi kamba, andika tarehe, rudia baada ya wiki, kisha peleka namba hizo ofisi ya kijiji zitufikie. Setilaiti inapita juu kwa zamu, na huo ufa huenda ukafunguka siku ambayo haipo.