Je, Kucha za Maiti Huendelea Kukua?

Hapa Lamu, kama kwingi pwani, wapo wanaoamini kwamba kucha na ndevu za mtu huendelea kukua baada ya roho kutoka. Imani hii ina chanzo chake. Aliyesaidia kuosha maiti ya mzee aliyenyolewa juzi huenda akaona vinywele vimechomoza kidevuni na kucha zimekuwa kama ndefu zaidi.

Alichokiona ni kweli, ila sababu yake ni nyingine. Ukucha hukua kutoka shinani, chini ya ngozi, ambako seli hai hugawanyika mfululizo. Kazi hiyo yahitaji sukari na oksijeni zinazoletwa na damu. Moyo ukisimama, damu nayo husimama, na ukuaji hukoma. Kinachobadilika ni ngozi: hupoteza maji, hunywea na kurudi nyuma. Sehemu ya ukucha iliyofichika hujitokeza, na mashina ya ndevu vilevile. Kwa hiyo wafiwa wasitiwe hofu kwamba waliyemzika alikuwa bado hai.

Kasi ya kucha waweza kuipima mwenyewe, na hina yatosha. Ipake kuchani, kisha uitazame baada ya mwezi: shinani patakuwa pamesafika kiasi cha milimita 3 hivi. Kwa siku moja, hiyo ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Na kwetu maiti mara nyingi huzikwa siku hiyo hiyo. Hata kucha zingekuwa zinakua, jicho lisingeona tofauti.